Orodha ya Mabingwa Wadogo

Mjomba alikuwa amelia mpaka pua ikavimba, na bado Koplo hakumwamini.

"Lia tu," Koplo alimwambia. "Chumba hiki kimekunywa machozi mengi kuliko hayo yako."

"Na wewe tumbo hilo limekunywa nini?" Mjomba akajibu, akajifuta kwa mkono wa shati. "Mimi nimchukue Kete? Mtoto wa dada yangu, tumbo moja, ziwa moja? Nimpeleke wapi? Nimfanye nini?"

Inspekta alisimama dirishani, mikono nyuma. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi, na kituoni walimwita Mama Kimya, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwapo. Naye alikuwa na watoto nyumbani. Tangu jana jioni alikuwa ameshawapigia simu mara kadhaa, kila mara kwa kisingizio kipya.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na ilikuwa mbaya. Kete ni msichana wa miaka kumi na mmoja, mdogo wa umbo, bingwa wa sataranji wa shule za msingi. Jina la Kete alipewa nyumbani kwa sababu ya mchezo huo. Jana mchana, shule ilipofunga, mwanamume mmoja alimngoja karibu na geti. Mlinzi wa shule alimwona kwa mgongo tu: kofia, koti jepesi, mtu kama watu. Alimsikia Kete akimuuliza swali, na yule mwanamume akajibu. Kete akacheka, akamfuata. Hajaonekana tena.

Lile swali ndilo lililomleta Mjomba kwenye kiti kile. Mama yake Kete, fundi cherehani, mjane, mwoga wa kila kitu kama walivyo kina mama wenye mtoto mmoja, alikuwa amemfundisha bintiye: mtu yeyote akija kukuchukua, hata kama unamjua, hata kama umekula chumvi yake, muulize kete zako za kwanza zilitengenezwa kwa kitu gani. Akikosea, piga kelele, kimbia.

Jibu lilikuwa sabuni. Babu yake Kete alizichonga kwa kisu kutoka kwenye mche wa sabuni ya kufulia. Babu alishakufa. Waliobaki na jibu ni mama, mtoto, na Mjomba. Tena Mjomba alikuwa amedanganya kwamba jana alikuwa kazini, wakati mwajiri wake anasema alimwachisha kazi zamani.

"Nitakuuliza kwa mara ya mwisho," Inspekta alisema bila kugeuka. "Jana mchana ulikuwa wapi?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Kilio kikakatika, na aibu ikakaa mahali pake.

"Bustanini," alisema. "Kila siku naaga kwamba naenda kazini, nakwenda kukaa kwenye benchi la bustani. Dada yangu angejua sina kazi angeanza kunigawia chakula cha mtoto. Nakaa, nasoma simu, jua likishuka narudi nimechoka kama mtu aliyefanya kazi. Muulizeni mfagiaji wa pale. Ananiita meneja."

Koplo alicheka, kisha akajizuia.

"Unasoma nini siku nzima?"

"Chochote. Mpira. Ile ensaiklopidia ya mtandaoni. Hata Kete wetu yumo, nilimsoma kwa macho yangu. Shule yake, ushindi wake, zile kete za sabuni..."

Inspekta aligeuka.

"Za nini?"

"Za sabuni. Imeandikwa humo." Mjomba akatazama uso mmoja, akatazama wa pili. "Kwani hamjui?"

Koplo alimrudishia simu yake. Mjomba akatafuta, akaupata ukurasa, akauweka juu ya meza. Inspekta akainama.

Juu kulikuwa na kichwa cha habari: Orodha ya mabingwa wadogo wa sataranji. Chini yake jedwali, limenyooka vizuri kama shuka lililopigwa pasi. Safu ya kwanza jina, ya pili shule, ya tatu mwaka wa ushindi. Mpaka hapo hakuna ubaya. Safu ya nne iliandikwa "Jinsi alivyoanza". Ya tano: "Familia na safari ya shule". Ya mwisho ilikuwa picha.

Alilifuata jina halisi la Kete kwa kidole. Jinsi alivyoanza: "Babu yake alimchongea kete za kwanza kwa sabuni ya kufulia." Familia na safari ya shule: "Analelewa na mama peke yake. Ni jasiri, hurudi nyumbani kwa miguu mwenyewe kupitia njia ya nyuma ya karakana."

Nje mtu alikuwa anapiga pikipiki teke iwake, na haikuwaka.

"Yaani swali la siri," Koplo alisema hatimaye, "na jibu lake limeanikwa barabarani."

Inspekta alisoma ukurasa ule tena toka juu. Katika kazi yake alishaona visu, alishaona sumu kwenye chupa ya soda, lakini hakuwahi kuona silaha iliyopangwa kwa unadhifu namna ile. Juu ya jedwali palikuwa na utepe wa rangi ya maziwa, wenye maneno ya upole: Orodha hii haijakamilika. Unaweza kusaidia kwa kujaza visanduku vilivyo wazi.

"Nani ameweka hili tangazo?"

Koplo alibonyeza hapa na pale. "Mhariri wa kujitolea. Anajiita Bwana Orodha. Afande, huyu hata hajifichi. Ameweka picha yake, na mtaa wake ameutaja."

"Mwachie Mjomba maji ya kunywa," Inspekta alisema. "Twende."

*

Bwana Orodha alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mrefu, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili pamoja na mkewe, na kompyuta yake ilikaa sebuleni mahali ambapo nyumba nyingine zingeweka kabati la vyombo.

"Mmekuja kumkamata?" mkewe aliuliza mlangoni, akiwa na beseni la nguo mbichi kiunoni. "Mchukueni, lakini mchukueni na hiyo mashine. Mimi ni mke mdogo, mke mkubwa ni huyo hapo anayewaka taa."

"Mama, waache wageni wakae," mzee alisema.

"Wakae wapi, viti vyote vina vitabu."

Inspekta hakukaa. Alimwonyesha ukurasa. Uso wa mzee ukachangamka, uso wa mtu anayeulizwa habari za mjukuu wake.

"Ah, hiyo! Naijua. Nimeifanyia usafi mimi."

"Umeianzisha wewe?"

"Hapana, mwanangu. Aliyeianzisha ni mtu anajiita Mpenda Bodi. Alikuja na jedwali zuri ila tupu, majina machache tu na visanduku vitupu. Mimi nikapanga majina kwa alfabeti, nikanyoosha miaka, nikaweka tangazo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nina orodha za madaraja, za vilima, za ndege wa majini. Unajua, makala inamweleza mtu mmoja kwa kirefu. Halafu kuna jamii, fungu la kurasa za aina moja, hiyo ni kama kamba ya kuanikia nguo, inashika majina tu, haisemi kitu. Lakini orodha inakupangia! Yupi wa mwaka gani, yupi wa wapi, yupi anamfuata yupi. Mtoto wa shule ya msingi hatoshi kupewa makala nzima, hajafanya mengi. Ila kwenye orodha anaenea."

"Anaenea," Inspekta alirudia. "Yeye pamoja na njia anayopita kurudi nyumbani."

Mzee aliinamia ukurasa.

"Soma safu ya tano," Inspekta alisema.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu ya ndani, akaivaa, akasoma tena. Mkewe alikuwa bado amesimama na beseni, maji yanadondoka sakafuni.

"Mimi sikuangalia kilichoandikwa," mzee alisema polepole. "Niliangalia kama kimepangwa. Kama kila safu imelingana. Kama nukta ziko mahali pake. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yetu, tunatazama..."

"Mtoto wa mstari huo ametekwa jana."

Beseni lilianguka. Hakuna aliyeinama kuokota nguo.

"Mungu wangu," mke alisema. "Mume wangu, umefanya nini?"

"Hilo tangazo," Inspekta alisema, "kwa nini uliliweka?"

"Ni desturi tu." Sauti ya mzee ilikuwa imezeeka ghafla. "Orodha yenye mapengo huwekewa lile tangazo. Watu wema hawawezi kuvumilia kisanduku kitupu. Ukiwauliza watu habari za mtoto wao watakutilia shaka. Ukiwaonyesha pengo, watalijaza wenyewe. Walijaza walimu, walijaza majirani, walijaza shangazi. Mimi nilifurahi. Nilimwambia hata mke wangu, tazama jinsi watu wanavyojitolea."

"Aliniambia," mke alisema. "Nikamwambia vizuri."

Inspekta alivuta pumzi. Hasira haikuwa na kazi pale. Huyu mzee hakuwa mwizi wa mtoto, alikuwa ameacha tu mlango wazi huku akijisifu kwa bawaba zake.

"Mzee wangu, nisaidie. Kila mtu aliyegusa ukurasa huu, mnaweza kumwona?"

"Kila kitu kinabaki." Alikwishaikimbilia kibodi. "Hata kilichofutwa. Hapa panaitwa historia. Ona, hapa Mpenda Bodi anaanzisha. Hapa mimi naweka tangazo. Hapa watu wanajaza. Na hapa..." Akasita. "Hapa Mpenda Bodi amerudi. Amefuta watoto kadhaa. Ameandika sababu: hakuna chanzo."

"Chanzo ni nini?" Koplo aliuliza.

"Ushahidi. Gazeti, kitabu. Neno lisilo na chanzo tunaruhusiwa kulifuta."

"Nionyeshe waliofutwa," Inspekta alisema.

Mzee alifungua. Mvulana mmoja, familia na safari: baba yake ni askari jeshi, humpeleka na kumfuata kila siku. Msichana, shangazi yake ndiye mwalimu mkuu wa shuleni kwao, huenda na kurudi naye. Mapacha wa kiume, hupanda basi la shule mpaka mlangoni.

"Lakini hii ni ajabu," mzee alisema, akiinamia kioo. "Hawa ndio wenye vyanzo! Huyu ana gazeti. Mapacha wana kitabu cha mahafali. Waliobaki ndio hawana chanzo chochote, ni maneno ya watu tu. Amefuta wazima, ameacha wabovu. Mhariri gani anafanya hivi?"

"Siyo mhariri," Inspekta alisema. "Nisomee waliobaki. Safu ya tano tu."

"Anaishi na bibi, hurudi mwenyewe. Mama hufanya kazi mbali, mtoto hurudi mwenyewe. Anaishi na dada yake, hurudi mwenyewe. Baba ni dereva wa safari ndefu, hurudi mwenyewe. Na huyu wa kwenu."

Mke wa mzee ndiye aliyeelewa kabla ya wanaume. Aliweka kiganja mdomoni.

"Alikuwa anapepeta," alisema. "Anatupa wenye walinzi, anabakiza wasio na mtu."

Koplo hakungoja kuamriwa. Akatoa simu akatoka barazani, na Inspekta alimsikia akitaja majina ya wale watoto wengine wanne, jina kwa jina, akiamuru kila kituo kipeleke mtu mlangoni kwao sasa hivi, si kesho. Alipoingia tena jasho lilikuwa limemtoka.

"Wote wapo, afande. Wawili walikuwa wamelala, mmoja anaoga, mmoja ameniuliza kwa simu kama mimi ni polisi wa kweli."

"Mungu ashukuriwe." Inspekta alirudi kwenye kioo. "Sasa huyu Mpenda Bodi. Ni nani?"

"Hatuwezi kujua," mzee alisema. "Jina la mtumiaji ni kama kinyago. Serikali inaweza kuomba, lakini itachukua..."

"Sina muda huo. Aliandika kisanduku chochote mwenyewe?"

"Hakuna. Aliacha wengine waandike. Yeye aliweka picha tu."

"Picha zipi?"

"Zote za waliobaki."

Inspekta aliinamia kioo. "Ya Kete. Ikuze."

Ilijaa kioo kizima: Kete ameinua kombe, jicho moja limefumba kwa sababu ya mwako wa kamera, tai ya shule imepinda. Chini yake maandishi madogo.

"Hapo pameandikwaje?"

"Kazi yangu mwenyewe," mzee akasoma. "Hilo ni sharti. Anayepakia picha lazima aseme nani ameipiga. Picha isiyo na mwenyewe tunaifuta siku hiyo hiyo. Wengi hudanganya, lakini..."

Inspekta alikuwa amekwishafungua mkoba wake. Alitoa bango la kumtafuta Kete lililobandikwa mji mzima tangu asubuhi, lenye neno AMEPOTEA kwa wino mwekundu. Akalikunjua, akaliweka kando ya kioo.

Jicho lile lile limefumba. Tai ile ile imepinda. Lakini kwenye bango picha ilikuwa pana zaidi: upande wa kushoto ulionekana mkono wa mwalimu ukipiga makofi na nusu ya meza ya waamuzi. Kwenye ensaiklopidia vyote hivyo vilikuwa vimekatwa.

"Kutoka pana unaweza kukata," Koplo alisema. "Kutoka iliyokatwa huwezi kupata mkono wa mwalimu."

"Ndiyo. Mwenye hii pana ndiye aliyeipiga." Inspekta alikuwa tayari anabonyeza namba ya mama yake Kete. Aliweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, akaweka sauti ya nje.

"Haloo, afande?" Sauti ya mama ilikuwa imechakaa. "Mmempata?"

"Bado, dada yangu. Nina maswali mawili. Ile ensaiklopidia ya mtandaoni, habari za sabuni, unajua nani aliziandika?"

"Mimi," mama alisema. "Mwaka huu huu. Jirani alinionyesha, akaniambia mwanao yumo. Nikaona wenzake wote wamejaziwa, wa kwangu kisanduku kitupu, na juu wameandika orodha haijakamilika. Nikaona aibu, afande. Watu wangesema hana historia. Nikaandika ya babu, nikaandika na jinsi alivyo jasiri. Nilikosea tahajia?"

Mzee alifunika uso. Inspekta alifumba macho, akayafumbua. Mama aliyemfundisha mtoto amhoji hata ndugu, ndiye aliyewapa jibu watu wasiohesabika, kwa mapenzi. Hilo angeambiwa siku nyingine. Leo hapana.

"Hukukosea tahajia. Swali la pili. Picha ya bangoni ulikuwa nayo wewe?"

"Hapana, sikuwahi kuiona. Ameileta kaka mpiga picha leo asubuhi, yule anayepiga picha za mashindano. Alisema imekaa kwenye kamera yake tu, hajawahi kumpa mtu. Ndiye aliyetengeneza mabango yote bure. Sijui ningefanya nini bila yeye."

Koplo alishika ukingo wa meza.

"Yuko wapi sasa?" Inspekta aliuliza.

"Si yuko hapa hapa, afande. Hajaondoka tangu asubuhi. Ndiye anayetusaidia kupokea simu. Nimpe?"

Katika miaka yote ya kazi Inspekta hakuwahi kusikia neno dogo lililomtisha kama lile: nimpe. Aliisogeza simu karibu na mdomo na kuongea kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ashuke juu ya ukuta.

"Usimpe. Nisikilize. Usimwangalie. Sema, sawa shangazi."

Kwa mbali sauti ya mwanamume iliuliza kitu.

"Sawa, shangazi," mama alisema.

"Mtu aliyeipiga picha hiyo ndiye aliyeianzisha orodha. Unanielewa? Kama umeelewa, sema sukari ipo."

Pumzi ilisikika, moja, nzito, ikipanda toka chini kabisa. Inspekta alidhani mama atapiga ukelele. Angekuwa yeye, angepiga.

"Sukari ipo, shangazi," mama akasema. Hata akacheka kidogo. "Usihangaike kuleta."

"Asitoke humo ndani. Mpe chai. Mpe chai nyingine. Simu usiikate, iweke kwenye mfuko wa nguo yako. Watu wangu wanakuja. Mimi naenda studioni kwake kumtafuta mtoto."

"Haya, shangazi. Wasalimie nyumbani."

Kitambaa kilikwaruza, na sauti zikawa za mbali, kama za watu walio chini ya maji.

*

Waligawana njia. Koplo alichukua askari kanzu akaelekea nyumbani kwa fundi cherehani, ng'ambo ya mji. Inspekta alikwenda kwenye studio ya yule mpiga picha na askari wawili, kwa kuwa ilikuwa karibu. Simu aliibana sikioni njia nzima. Alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia mama akisema, "Kaka, hujala kitu tangu asubuhi," na yule mwanamume akijibu, "Chakula kinapita wapi, dada, na hali hii?"

Studio ilikuwa imefungwa. Mlangoni palibandikwa bango la Kete, na chini yake kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: Tumefunga. Tunamtafuta mtoto wetu.

"Laana," askari mmoja alisema.

Wakavunja kufuli. Ndani palikuwa na kiti cha kukalia wateja, taa mbili za miguu mirefu, na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji ya buluu, mandhari ya watu kupigia picha. Inspekta alilisukuma. Nyuma yake kulikuwa na mlango mwembamba wa stoo, komeo kwa nje.

Alilifungua.

Kete alikuwa ameketi sakafuni juu ya mandhari nyingine iliyokunjwa, viatu amevivua, amevipanga. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alikuwa hai. Aliwatazama kwa macho makavu, hakuinuka.

"Sisi ni polisi, mama," Inspekta alisema, akipiga magoti. "Tumekuja kukurudisha nyumbani."

"Siendi na mtu."

"Mama yako ametutuma."

"Hata mkijua jibu, siendi," Kete alisema. "Yule naye alijua."

Inspekta alibaki amepiga magoti. Askari walikuwa wamesimama nyuma yake kama miti. Na hapo ndipo, katika simu aliyokuwa bado ameishika, ile sauti ya mwanamume ilipokuja karibu, wazi kabisa.

"Dada, simu yako inawaka mfukoni. Iko hewani. Unaongea na nani?"

Kitambaa kikakwaruza. "Wapi? Mbona mimi sijapiga," mama alisema, na sauti yake ikajaa stoo nzima. "Haloo? Haloo?"

"Mama!" Kete alilia, akairukia simu kabla Inspekta hajaifunika. "Mama, ni mimi!"

Koplo hakuwa amefika. Inspekta alijua, na kule mbali mama naye alijua, kwa sababu mlango wake ulikuwa bado umefungwa na mtu yule alikuwa bado amekaa mbele yake akimtazama mdomo.

"Umekosea namba, mwanangu," mama alisema. "Hapa ni kwa fundi cherehani."

"Mama?"

"Mwambie mkubwa wako akupigie vizuri. Haya." Kisha, kwa mtu mwingine: "Watoto wa siku hizi, kaka, wanachezea simu za watu. Lete kikombe nikuongezee."

Kete aliishusha simu. Aliitazama kama kitu kilichomng'ata. Halafu uso ukamkunjamana, na machozi ambayo hayakutoka tangu jana yakatoka yote kwa pamoja. Inspekta alimvuta kifuani na safari hii hakukataa. Hakumweleza chochote. Aliishika simu mbele yao wote wawili, wakasikiliza: chai ikimiminwa. Kijiko. Mlango ukigongwa, mara moja, kwa adabu. Mama akisema, "Karibu, uko wazi." Miguu mingi. Kiti kikianguka, kikombe kikipasuka, sauti ya Koplo ikipanda juu ya zote, "Mikono! Mikono nasema!" na yule mwanamume akiuliza kuna nini jamani, kuna nini, mimi nimekuja kusaidia.

Kisha ukelele. Haukuwa wa hofu, wala wa furaha, wala Inspekta hakujua kuupa jina.

"Kete! Kete, ni mimi, niko hapa! Ongea, mama, ongea na mimi!"

Mtoto alipokea simu kwa mikono miwili. Alivuta kamasi. Alingoja mpaka sauti ikae sawa.

"Umesema nimekosea namba," alisema kwa hasira.

Upande wa pili mama alianza kulia, na Inspekta akageukia yale maporomoko ya maji yaliyochorwa, akayatazama kwa makini, kama mtu aliyeambiwa asitikisike wakati wa kupigwa picha.